Maswali ya wasomaji: Skrini ya 4K kwa kompyuta mpakato

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfasiri wa nyaraka za kisheria. Kutwa nzima hufungua hati mbili sambamba, ya asili upande mmoja na tafsiri yangu upande wa pili, katika kompyuta mpakato ya inchi 14 aina ya ThinkPad T480 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Ifikapo jioni macho yananiuma. Nimekusudia kununua skrini ya nje ya 4K, lakini muuzaji ananishauri nichukue televisheni ya 4K ya inchi 43, kwa kuwa bei yake inakaribiana na ya skrini ya inchi 27. Je, nimsikilize? (Mfasiri, Morogoro)

JIBU: Ndugu Mfasiri, kwa kazi unayoifanya, televisheni hiyo usiichukue. Sababu ya kwanza imo katika kompyuta yako mwenyewe. Picha ya 4K ina pikseli (nukta ndogo zinazounda picha) 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 8, ambazo ni mara nne ya zile za Full HD (1920 kwa 1080), na zote hizo lazima zipite kwenye tundu na waya kila picha inapochorwa upya. Tundu la HDMI, yaani la waya wa picha, la T480 ni la toleo la 1.4, ambalo huweza kupitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, ilhali kazi ya ofisini huhitaji angalau mara 60, ndizo ziitwazo hezi 60. Kwa hezi 30 kishale cha kipanya huonekana kikiburuta, na ukurasa unapousogeza huenda kwa kurukaruka. Anayetazama filamu hataona kasoro yoyote, kwa kuwa filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, lakini wewe unayepandisha na kushusha kurasa siku nzima utaiona kila dakika. Televisheni kwa kawaida haina njia nyingine ya kupokea picha ya kompyuta isipokuwa hiyo HDMI, kwa hiyo ukiinunua utakuwa umejifunga kwenye HDMI, na bila adapta maalumu hutaipita hezi 30.

Sababu ya pili ni msongamano wa pikseli, na hapa ndipo ningependa utulie zaidi, kwa sababu wauzaji wengi hutaja ukubwa wa kioo na neno 4K kisha wakanyamaza. Skrini ya inchi 14 ya Full HD ina takriban pikseli 157 katika kila inchi. Pikseli zilezile za 4K zikitandazwa kwenye inchi 43 hubaki kama 102 kwa inchi, na kwenye inchi 27 huwa kama 163. Maana yake ni kwamba skrini ya inchi 27 itakupa herufi zenye kingo safi kama ulizozizoea, isipokuwa utakuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuweka hati zako mbili bila kuzibana. Katika Windows utaweka ukuzaji wa maandishi na picha wa asilimia 150, na hapo utapata eneo la kazi sawa na la pikseli 2560 kwa 1440, huku kila herufi ikichorwa kwa pikseli nyingi zaidi. Usiogope ukuzaji huo ukidhani unaipoteza 4K uliyoilipia, kwani unene huo wa pikseli katika kila herufi ndio unaoununua.

Kuna jambo jingine linalomhusu mfasiri hasa. Baadhi ya televisheni, zisipowekwa katika hali maalumu ya kompyuta, hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi ya kuonyesha picha, na matokeo yake maandishi ya rangi juu ya mandhari nyeupe hupata ukungu pembeni. Marekebisho mekundu ambayo wateja wako hukurejeshea ndiyo yatakayoathirika kwanza.

Basi nunua skrini ya inchi 27, lakini usiiunganishe kwa HDMI. Tumia tundu la USB-C lenye alama ya radi, ambalo ni la Thunderbolt 3 na hupitisha picha ya 4K kwa hezi 60. Hapo una njia mbili. Njia ya kwanza ni skrini yenye USB-C yake, inayopokea picha na kuichaji kompyuta kwa waya mmoja. Ukiichagua, hakikisha inatoa wati 65 au zaidi. Njia ya pili, ambayo ndiyo nafuu na mimi naiona inakutosha, ni skrini yenye tundu la DisplayPort (tundu jingine la kupokea picha ya kompyuta), pamoja na waya wa kutoka USB-C hadi DisplayPort. Waya uliokuja na chaja ya simu usiutumie hata kama kichwa chake kinaingia vizuri, kwa kuwa nyingi kati ya waya hizo hazipitishi picha kabisa. Adapta za bei ya chini za kutoka USB-C kwenda HDMI nazo ni za kuangaliwa, maana nyingi huishia hezi 30. Ile isiyoandikwa waziwazi 4K na hezi 60 iache dukani. Msomaji mwenye kompyuta ya aina nyingine asichukulie kwamba kila tundu la USB-C linatoa picha. Atafute sifa za modeli yake katika maelezo ya mtengenezaji kabla ya kutoa fedha.

Nenda dukani na kompyuta yako na waya utakaoutumia, siyo wa muuzaji. Iunganishe, fungua mpangilio wa skrini katika Windows, kisha ingia sehemu ya mpangilio wa ziada na usome kama imeandikwa 3840 kwa 2160 na hezi 60. Jihadhari na boksi linalosema skrini inapokea 4K, kwani zipo zinazopokea picha hiyo na kuipunguza ili ienee kwenye kioo cha Full HD. Uliza pikseli halisi za kioo. Baada ya hapo fungua hati yako moja ndefu yenye herufi ndogo, uisome ukiwa umeketi kama unavyoketi kazini. Jaza skrini rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, utafute pikseli zilizokufa, na uulize zinahitajika ngapi ili dhamana ikubali kubadilisha skrini, kwa sababu watengenezaji wengi huvumilia chache. Macho yakiendelea kuuma hata baada ya yote haya, tafadhali nenda ukapimwe.

SWALI: Nina MacBook Air yenye kichakataji cha M1. Ninataka skrini mbili za 4K mezani, moja ya somo na nyingine ya kusahihishia kazi za wanafunzi. Itawezekana? (Mwalimu, Nakuru)

JIBU: Mwalimu, kompyuta hiyo huendesha skrini moja tu ya nje, na kuongeza adapta ya kawaida yenye matundu mawili hakubadilishi jambo hilo. Zipo adapta za DisplayLink zinazopata skrini ya pili kwa msaada wa programu, lakini programu hiyo huitumikisha kompyuta zaidi. Mimi ningechukua skrini moja ya 4K ya inchi 32 na kuigawa katikati, huku kioo cha kompyuta kikibaki wazi pembeni. MacBook Air za M3, zilizotoka mwaka 2024, huendesha mbili zikiwa zimefunikwa, na za M4 huendesha mbili bila kufunikwa.

SWALI: Fedha za 4K sina. Je, skrini ya inchi 27 ya Full HD itanifaa kwa kusoma na kuandika? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwa inchi 27 Full HD ni chache mno, kama pikseli 82 kwa inchi, na utaziona pikseli zenyewe katika herufi. Tafuta ya pikseli 2560 kwa 1440, ambayo hufika 109 kwa inchi na kwa kawaida huendeshwa kwa hezi 60 hata na HDMI ya toleo la 1.4, au kama bei bado inakushinda, rudi kwenye inchi 24 za Full HD, ambazo hutoa 92 kwa inchi na huchukua nafasi ndogo mezani.