Mama mkwe anataka tuoge pamoja, nifanyeje?

*Shangazi, nimeolewa na Mjapani, tunaishi Saitama na watoto wawili. Mama mkwe ametualika Hakone mwezi Novemba, tukaone majani ya vuli na kuoga kwenye chemchemi za maji moto. Huko wanawake huoga pamoja bila nguo. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, siwezi kumvulia nguo mkwe. Mume anasema nikikataa nitamvunja moyo mama yake. Nafikiria kujisingizia ugonjwa. – M.*

Mwanangu M., ugonjwa usijisingizie. Mama wa watu atashinda nawe chumbani akikuuguza, safari itamharibikia, na mwakani atakualika tena.

Najua ulivyolelewa. Kwetu mkwe huinamishiwa macho, sembuse kumvulia nguo! Lakini mama huyu hajakuvunjia heshima. Wanaume wana upande wao na wanawake wao, kila mtu hujisugua kwa sabuni kabla ya kutia mguu majini, na kumwita mke wa mwanawe waingie pamoja ni kumhesabu mtu wa nyumbani. Mshukuru kwa hilo. Kuvua hulazimiki.

Wa kusema ni mumeo. Anaijua lugha na anamjua mama yake. Amweleze sasa kwamba dini yako inakutaka ujisitiri hata mbele ya wanawake wenzako. Asingoje mpaka mmeshafika na kukabidhiwa yukata, joho jepesi la kuendea bafuni. Kisha apige simu ryokan, nyumba ya wageni ya Kijapani, mtakayolala, aulize bafu la kukodi kwa familia, wao huliita kashikiri. Ryokan nyingi zinalo: mnafunga mlango, mnaoga wewe, yeye na watoto. Hapohapo aseme habari ya chakula. Nguruwe utamwona, lakini sake na mirin, pombe zao za mchele, hujificha kwenye michuzi, na mlo wa ryokan huandaliwa mapema; ukingoja kusema mezani utakula wali mtupu.

Sasa mama mkwe naye umpe nafasi yake. Kaeni wawili kwenye ashiyu, kidimbwi cha kuchovya miguu tu, mkiwa na nguo zenu. Pandeni Owakudani, bonde la volkano hapo Hakone, mkale mayai yanayochemshwa kwenye maji ya salfa hadi ganda linakuwa jeusi. Wenyeji husema yai moja huongeza miaka 7 ya umri. Mmenyee wewe kwa mkono wako. Watoto wakitaka kucheza majini na bibi yao, Hakone hiyohiyo ina Yunessun, mahali pa mabwawa ya maji moto, penye sehemu ya kuingia na nguo za kuogelea. Ulizeni kwanza kama yako ndefu inakubalika.

Zungumza na mumeo leo usiku. Msimu wa majani watu ni wengi Hakone, na vyumba vyenye bafu lake ndani ndivyo huwahiwa mwanzo.