Maswali na Majibu: Maisha ya Mchezaji wa Kikapu wa Kulipwa Ughaibuni

Wasomaji wameniuliza mengi kuhusu kazi yangu ya kucheza mpira wa kikapu katika mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa. Najibu saba kati ya maswali hayo. Nitakayoyasema yanahusu zaidi Ufaransa, na panapohusu nchi nyingine nitaeleza.

Shikamoo kaka. Je, mnafanya mazoezi kutwa nzima? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Arusha)

Marahaba. Hapana, na hilo huwashangaza wengi. Kuanzia saa tatu asubuhi tunanyanyua vyuma kwa takribani saa moja, kisha tunafanya mazoezi ya kutupa katika vikundi vidogo, walinzi kwenye kikapu kimoja na wachezaji warefu kwenye kingine. Anayeumwa goti au kifundo cha mguu hupita kwa mtaalamu wa viungo, akafungwa barafu, kisha akaenda nyumbani kula na kulala, kwa kuwa usingizi wa mchana kwetu ni sehemu ya kazi. Saa kumi na moja jioni timu nzima hukutana, na mara nyingi tunaanza mbele ya luninga, kocha akisimamisha picha pale mtu alipochelewa kurudi kulinda.

Saa zinazobaki ni nyingi, na mchezaji wa kigeni huzipitisha peke yake. Anayefika bila mpango wa kuzitumia, iwe ni darasa la lugha au masomo ya chuo kwa njia ya mtandao, huzimalizia kwenye simu hadi usiku wa manane, na kesho yake kocha huiona simu hiyo katika miguu yake. Ongeza safari za basi. Kutoka kwetu hadi Strasbourg ni kuvuka nchi nzima, na wenzangu wenye urefu wa zaidi ya mita mbili hutandika magodoro membamba kwenye njia ya katikati ya viti na kulala hapo, kwa sababu hakuna kiti kinachowatosha.

Kwa nini mchezaji wa kulipwa akae mji mdogo badala ya Paris? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu huko ndiko kikapu cha Ufaransa kilikokulia. Cholet, Le Mans na Roanne si miji mikubwa, lakini klabu zake zinajulikana Ulaya nzima. Rudy Gobert, nyota Mfaransa wa ligi ya Marekani, alilelewa kimchezo Cholet, na Limoges ilitwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 1993. Katika miji hii ukumbi kwa kawaida ni mali ya manispaa, kwa hiyo mchezaji wa kulipwa hugawana uwanja na wakazi. Jumatano alasiri, ambapo watoto wengi hawana masomo, uwanja ni wao. Ukiwahi kufika utasubiri mlangoni mpaka watoto wa miaka minane wamalize, na wengi wao watakuomba uwarushie mpira mmoja kabla hawajavaa makoti. Mimi huipenda sana siku hiyo.

Lipo pia suala la pasipoti. Klabu hubanwa na idadi ya wageni inaoweza kuwasajili, lakini kwa miaka mingi ligi ya Ufaransa imekuwa ikiwahesabu wachezaji wa nchi zilizotia saini mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, ule wa ushirikiano kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, katika kundi moja na raia wa Ulaya, wala si katika nafasi chache wanazogombea Wamarekani. Mkataba huo umerithiwa na ule wa Samoa, uliotiwa saini mwaka 2023, kwa hiyo wakala wako akueleze kanuni za msimu unaosajiliwa, si za msimu uliopita.

Mwanangu, huko unakula nini? (Mama msomaji, Tanga)

Shikamoo mama. Ninakula vizuri. Mchana wa siku ya mechi ni wali au tambi na kuku, saa tatu au nne kabla ya mchezo. Unga mweupe wa sembe haupatikani mjini kwetu, na ule wa njano wanaouita polenta una chembe kubwa, ugali wake haushikani vizuri mkononi. Nikifika Paris hupitia mtaa wa Château Rouge, kwenye maduka ya vyakula vya Kiafrika, nikajaza begi.

Unafanyaje wakati wa Ramadhani? (Msomaji, Unguja)

Ninafunga, na klabu huarifiwa mapema ili daktari na kocha wa viungo wapange ratiba, vyuma vikihamishiwa jioni. Mwezi Machi jua la hapa huzama karibu na saa moja jioni, na mechi nyingi huanza saa mbili usiku, hivyo ninafuturu kwa tende, maji na supu nyepesi, kisha mlo kamili baada ya mchezo. Ugumu hasa uko katika usingizi unaokatwa na daku na katika mechi za alasiri. Wapo wanaotumia ruhusa ya msafiri wakalipa baadaye, na hukumu yake waulizwe masheikh. Anayedhani kwamba haiwezekani amkumbuke Hakeem Olajuwon, nyota mzaliwa wa Nigeria, aliyefunga Ramadhani ya Februari 1995 na bado akachaguliwa mchezaji bora wa mwezi huo katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani.

Ndugu wanaamini wewe ni tajiri. Unawajibu nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hili ndilo swali linalowanyima usingizi wachezaji wengi kutoka kwetu, kuliko hata kipigo cha pointi 30. Picha ambayo watu wanayo ni ya NBA. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili klabu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2009, nasi sote tulifurahi, lakini wengi wetu tunacheza ligi ambazo mshahara wake ni wa mfanyakazi wa kawaida, tofauti yake ikiwa ni nyumba inayolipiwa na klabu na pengine gari. Hapa makato ya bima na pensheni huondolewa kabla fedha hazijafika, na tangu Januari 2019 kodi ya mapato nayo hukatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Sheria ya mwaka 2015 inataka mkataba wa mchezaji, kwa kawaida, uwe wa msimu wa miezi 12 usiozidi miaka mitano, na hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu katika nchi nyingi malipo ni ya miezi minane hadi kumi tu na kiangazi chote hakina senti.

Kwa hiyo mimi nashauri kiwango kipangwe mwanzoni mwa msimu na kiambiwe mkubwa mmoja wa ukoo, yeye ndiye awaeleze wengine. Ada za Januari zinajulikana mapema, zitengewe fungu. Misiba na maradhi havina ratiba, navyo viwe na akiba yake. Kutuma kila unapopigiwa simu humaliza mshahara na mwishowe humaliza mapenzi, kwa sababu mwezi utakaokosa ndio utakaokumbukwa.

Wakala anataka tumlipe ili ampeleke kijana wetu wa miaka 16 Ulaya. Tukubali? (Mzazi, Mwanza)

Msikubali. Wakala halali hulipwa mkataba unapokuwa umesainiwa, tena mara nyingi na klabu, kwa asilimia ambayo kwa kawaida haizidi 10, naye huwa na leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, na jina lake linaweza kuthibitishwa huko. Zaidi ya hayo, FIBA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu maalumu zinazochunguzwa, na kila uhamisho huhitaji barua ya idhini inayopitia shirikisho la taifa. Nendeni TBF, shirikisho la kikapu la Tanzania, mkaulize kabla ya kutoa hata shilingi.

Klabu yangu haijanilipa miezi miwili. Nirudi nyumbani? (Mchezaji Mganda aliye ugenini)

Usiondoke bado, kwa sababu ukikosa mazoezi klabu itadai kwamba wewe ndiye uliyevunja mkataba. Tafuta katika mkataba kifungu kinachotaja Mahakama ya Usuluhishi ya Kikapu, BAT, iliyoanzishwa na FIBA mwaka 2007 na yenye makao Geneva. Bila kifungu hicho haiwezi kukusikiliza. Kikiwepo, iandikie klabu barua ya madai, taja tarehe na kiasi cha kila malipo, uipe muda ulioandikwa katika mkataba, na utunze kila ujumbe wa simu. Kesi huendeshwa kwa Kiingereza na mara nyingi kwa maandishi tu, kwa hiyo hulazimiki kusafiri, ingawa kuna ada ya kufungua shauri. Klabu inayopuuza hukumu inaweza kuzuiwa na FIBA kusajili wachezaji wapya, na hilo ndilo linalozifanya nyingi zilipe. Barua ya madai itoke wiki hii.