Kabla ya Kununua Raspberry Pi kwa Ajili ya Ofisi Nzima

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kutumia Raspberry Pi ofisini, yaani kompyuta ndogo za bodi moja zinazounganishwa na seva, kompyuta kuu inayowahudumia wote, huanza na bei. Amesikia kwamba Raspberry Pi 4, bodi inayotoshea kwenye kiganja iliyotoka mwaka 2019, iliwahi kuuzwa kwa dola 35 kwa ile yenye memori ya GB 2, na akiilinganisha na kompyuta ya mezani, hata ile iliyokwishatumika inayouzwa Kariakoo, anaona amepata nafuu kubwa. Hesabu hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haijakamilika. Nimefunga mifumo ya namna hii katika ofisi ndogo za wahasibu na za vyama vya akiba na mikopo, na kote nimeona jambo lilelile: bodi ndiyo sehemu rahisi, na fedha inapaswa kwenda kwanza kwenye seva, umeme na waya.

Sababu yake ni kwamba katika mfumo huu bodi haifanyi kazi ya ofisi. Inapokea picha kutoka kwenye seva na kuionyesha kwenye skrini, kisha inapeleka kwa seva kila herufi inayobonyezwa na kila mwendo wa kipanya. Programu, mafaili na mahesabu yote yako upande wa seva. Kwa kazi hiyo, Pi 4 ya GB 2 inatosha kabisa, na sioni haja ya kulipia zaidi kwa Pi 5 ya mwaka 2023, isipokuwa kama mnakusudia kivinjari cha intaneti kiendeshwe ndani ya bodi yenyewe.

Seva basi ndiyo ya kukaa nayo chini na kuihesabu. Mimi hutenga takriban GB 3 za memori kwa kila mtumiaji, na nyingine GB 8 kwa ajili ya mfumo wenyewe. Kwa hiyo ofisi ya watu kumi inahitaji karibu GB 40, nami hushauri wanunue 64, kwa kuwa kivinjari chenye kurasa ishirini zilizo wazi hakina adabu. Prosesa haisumbui sana. Watu wengi ofisini hutumia muda mrefu kusoma na kufikiri kuliko kuifanyisha mashine kazi. Kinachosumbua ni diski. Diski ya kuzunguka itavumilia mchana kutwa, lakini asubuhi wote wanapoingia kwa pamoja seva itaganda, kwa hiyo chukueni SSD (diski zisizozunguka) mbili zinazonakiliana. Kunakiliana huko kunawakinga dhidi ya diski moja kufa. Hakuwakingi dhidi ya mfanyakazi aliyefuta folda nzima, hivyo nakala ya akiba iliyo nje ya seva bado ni ya lazima.

Swali la pili, ambalo wengi hulikwepa hadi vifaa vimeshanunuliwa, ni leseni. Windows ya kawaida, hata toleo la Pro, hairuhusu zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja kuitumia kwa mbali. Kuruhusu watu wengi kunahitaji Windows Server pamoja na leseni ya huduma hiyo kwa kila mtumiaji au kila kifaa, na gharama hiyo yaweza kumeza nafuu yote mliyoipata kwenye bodi. Zipo mbinu mtandaoni za kukwepa sharti hilo, nami sizifungi kwa mteja yeyote. Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, haina gharama hiyo: xrdp, programu yake ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inafanya kazi vizuri, na mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999 kwa ajili ya mifumo ya namna hii, unazihudumia pia Raspberry Pi. Lakini kabla ya kuchagua Linux, nendeni mkamuulize mhasibu anatumia programu gani, na mashine ya kutolea risiti za kodi imeunganishwa vipi. Majibu ya mtu huyo mmoja huamua zaidi kuliko maoni ya fundi. Mara nyingi mimi huacha kompyuta moja ya Windows pembeni kwa ajili ya kazi zake, na wengine wote huhamia kwenye seva.

Umeme ndio mahali mfumo huu unapojipatia heshima yake. Pi 4 hula takriban wati 3 ikiwa imetulia na wati 6 au 7 ikiwa na kazi, kiasi kwamba skrini iliyo mbele yake ndiyo inayokula zaidi. Faida kubwa kuliko hiyo ni kwamba umeme ukikatika na bodi ikazimika, kazi ya mtu haipotei, maana haikuwa kwenye bodi. Ukirudi kabla seva haijazimika, anaingia tena na kuikuta barua yake katika mstari uleule alioishia. Hilo linatimia kwa sharti moja, kwamba seva na swichi ya mtandao viwe kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba, na UPS hiyo iunganishwe na seva kwa kebo ya USB ili seva ijizime yenyewe kwa utaratibu betri inapokaribia kuisha. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tu kuzimika kwa ghafla.

Bodi yenyewe nayo ina tabia zake. Chaja za simu hazifai; Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3 zilizo kamili, na mkiona alama ya radi ya njano kwenye kona ya skrini, umeme unaofika ni hafifu. Joto likifika nyuzi 80 za Selsiasi inajipunguzia kasi, hivyo mimi hupendelea kasha la alumini lisilo na feni, kwa kuwa feni ndogo hazidumu mbele ya vumbi letu. Msisahau kwamba tundu zake za skrini ni za HDMI ndogo kabisa na monita nyingi za zamani zina VGA tu: bei ya adapta iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Kadi ya memori inayobeba mfumo wa bodi ndiyo inayoharibika kuliko vitu vyote, hasa umeme ukikatika wakati inaandikwa. Unaweza kuachana nayo na kuiwasha Pi 4 kupitia mtandao, lakini njia hiyo ni rahisi zaidi ukiwa na mamlaka juu ya kifaa kinachogawa anwani za mtandao, na katika ofisi nyingi kifaa hicho ni ruta ya kampuni ya intaneti ambayo nywila yake hakuna anayeijua. Kwa hiyo katika ofisi ndogo mimi huandaa kadi moja, naifunga isiandikwe kwa kutumia mpangilio wa overlay uliomo katika raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, kisha naitoa nakala kwa bodi zote, na moja ya ziada inabaki kwenye droo ya katibu muhtasi.

Njia hiyo inaleta tatizo moja ambalo huwachanganya hata mafundi. Pi 4 haina betri ya saa. Kwa kawaida huhifadhi muda wa mwisho kwenye kadi, lakini kadi ikishafungwa haiwezi kuuhifadhi, hivyo kila inapowashwa saa hurudi hadi siku ile kadi ilipofungwa. Intaneti ikiwepo saa hujirekebisha. Isipokuwepo, cheti cha usalama cha seva kilichotolewa baada ya siku hiyo kitaonekana bado hakijaanza kutumika, na bodi inaweza kukataa kuunganishwa ingawa seva iko mita tano tu kutoka pale. Suluhisho ni kuifanya seva yenyewe iwe mgawaji wa saa kwa bodi zote, kwa mfano kwa chrony, programu ya kulinganisha saa.

Kuhusu mtandao sina mengi: tumieni waya, wala msitegemee WiFi.

Wafanyakazi nao waelezwe mapema kwamba kuzima skrini si kutoka kwenye mfumo, vinginevyo seva itajaa vikao visivyo na mwenyewe. Waelezwe pia kwamba flashi inayochomekwa kwenye bodi haionekani kwenye seva mpaka iruhusiwe. Wengi hulalamikia hilo wiki za mwanzo, lakini mimi sina haraka ya kuliruhusu, kwa kuwa virusi vingi ninavyovikuta maofisini viliingilia humo.

Ofisi yenye watu chini ya watano siishauri iingie huku, kwa kuwa gharama ya seva na UPS haitarudi. Wanaohariri picha na video wabaki na kompyuta zao. Mikutano ya video nayo haiendi vizuri kupitia seva, sauti huchelewa na picha hukatika, kwa hiyo acheni kompyuta mpakato moja kwenye chumba cha mikutano. Na kama mnaweza kupata kompyuta ndogo za Intel zilizotumika kwa bei inayokaribiana na ya Pi pamoja na kasha, chaja, kadi na adapta zake, chukueni hizo. Zina betri ya saa na kitufe cha kuwashia, na seva itazihudumia vilevile.