Maswali ya Wasomaji: Je, ni lazima muuzaji wa nyumba ataje kasoro zake?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninakusudia kuuza nyumba ambayo familia yetu imeishi kwa miaka mingi. Ukuta wa chumba cha nyuma huloa kila mvua kubwa inaponyesha, na miaka kadhaa iliyopita tuligundua mchwa kwenye mbao za paa, tukapuliza dawa, na tangu hapo hatujawaona tena. Dalali ananishauri nipake rangi ukuta ule na ninyamaze, kwa kuwa mnunuzi ana macho na anaweza kuja na fundi wake. Rafiki yangu aliyesomea sheria anasema kunyamaza huenda kukaruhusiwa, lakini kupaka rangi hapana. Nimfuate nani?

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako yuko karibu na sheria kuliko dalali, ingawa ushauri wake nao hautoshi kukulinda.

Katika nchi ambazo sheria zake zilichipuka kutoka Uingereza, kanuni ya zamani ilikuwa kwamba mnunuzi na ajihadhari: akague, aulize, alete mtaalamu, na akishindwa kufanya hivyo asimlaumu mtu. Kanuni hiyo haikuwahi kumpa muuzaji uhuru wa kudanganya. Tangu hapo alikatazwa kusema uongo, alikatazwa kusema nusu ya ukweli kwa namna ambayo humfanya msikilizaji aamini jambo lisilo kweli, na alikatazwa kuficha kasoro kwa makusudi ili mkaguzi asiione. Kupaka rangi juu ya doa la unyevu siku chache kabla ya mnunuzi kuja, huku ukijua kwamba maji yanapopitia hapajazibwa, kunaangukia katika katazo hilo la tatu. Hapo hujatamka neno lolote, lakini umemwonyesha mnunuzi ukuta mkavu. Kupaka rangi nyumba nzima ili ipendeze si kosa, mradi doa lile ulitaje.

Kuhusu kunyamaza kwenyewe, kuna kesi mbili za Marekani ambazo zinakugusa moja kwa moja, kwa kuwa zote zilihusu mchwa. Mwaka 1942 mahakama ya juu ya jimbo la Massachusetts ilikataa dai la mnunuzi aliyesema kwamba benki iliyomuuzia nyumba ilijua ina mchwa na haikumwambia. Mahakama ilieleza kwamba, ikiwa kunyamaza peke yake ni kosa, basi kila muuzaji asiyetaja kasoro isiyoonekana atawajibika, na hata mnunuzi asiyetaja ubora uliofichika wa nyumba anayoinunua. Miaka 18 baadaye, mwaka 1960, mahakama ya juu ya jimbo la Washington ilifikia uamuzi wa kinyume. Wauzaji katika kesi hiyo walikuwa wamemwita mtaalamu, akafanya matengenezo kadhaa, lakini kazi ya kuwaangamiza mchwa haikukamilishwa kama alivyoshauri. Walipojitetea kwamba mnunuzi hakuuliza habari za mchwa, mahakama haikukubali: kasoro ilikuwa ya hatari, ilikuwa imefichika kwa mtu makini, na wao waliijua, kwa hiyo walipaswa kusema hata bila kuulizwa.

Mwelekeo wa sheria umefuata uamuzi wa pili. Mwaka 1985 mahakama ya juu ya Florida, katika kesi ya paa lililovuja, ilisema wazi kwamba muuzaji anayejua jambo lenye uzito katika thamani ya nyumba, ambalo mnunuzi hawezi kuliona kwa urahisi, lazima alitaje. California ilianza kutumia fomu maalumu ya maelezo ya muuzaji mwaka 1987, na majimbo mengi yakafanya vivyo hivyo. Uingereza yenyewe bado inashikilia kanuni ya kujihadhari, lakini huko ni desturi muuzaji kujaza fomu ndefu ya maswali kuhusu nyumba yake, na jibu la uongo humtia hatiani chini ya sheria ya mwaka 1967 inayohusu maelezo ya kupotosha. Ufaransa ina njia yake: muuzaji hukabidhi ripoti za wataalamu kuhusu mambo kama asbesto, nyaya za umeme na matumizi ya nishati, na juu ya hizo anawajibika kwa kasoro zilizofichika, ambapo mnunuzi ana miaka 2 ya kudai tangu siku aliyoigundua kasoro. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, muulize wakili wa mahali nyumba ilipo ni ipi kati ya njia hizi inayokuhusu. Mimi nitakushauri kana kwamba unaishi chini ya iliyo kali zaidi, kwa sababu muuzaji aliyesema mapema hapotezi mengi, na aliyenyamaza huenda akalazimika kulipa fidia, kurudisha sehemu ya bei, au kuirudisha pesa yote na kuipokea nyumba ambayo alidhani ameachana nayo.

Jambo linalopaswa kutajwa kwa kawaida lina sifa tatu: unalijua, halionekani kwa ukaguzi wa kawaida, na lingeweza kubadilisha uamuzi wa mnunuzi au bei anayokubali kulipa. Kioo kilichopasuka sebuleni hakihitaji maelezo, kwa kuwa kila anayeingia anakiona. Sifa ya kwanza ndiyo inayowasumbua watu wengi. Maelezo ya muuzaji si dhamana ya ubora wa nyumba, na kwa ujumla hulazimiki kubomoa ukuta au kuajiri mkaguzi ili ugundue usiyoyajua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1992 kuhusu rangi yenye madini ya risasi ni mfano mzuri: anayeuza nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978 lazima aseme anachojua kuhusu rangi hiyo, atoe ripoti alizonazo pamoja na kijitabu cha tahadhari, na ampe mnunuzi siku 10 za kupima akitaka, lakini halazimiki kupima yeye mwenyewe wala kuiondoa rangi.

Hata hivyo, kuandika «sijui» hakumlindi anayejua. Ujuzi wako huacha alama: stakabadhi ya dawa ya mchwa, makadirio ya fundi uliyemwita kisha ukaona bei yake ni kubwa, ripoti ya mkaguzi wa mnunuzi wa awali aliyejitoa, barua uliyoiandikia kampuni ya bima. Kisha kuna jirani. Mara nyingi siri ya muuzaji hufichuliwa na jirani mwema anayekuja kuwasalimu wageni wiki ya kwanza na kuwauliza kama chumba cha nyuma bado kinaingia maji.

Kwa hiyo andika, na uandike matukio badala ya hukumu. Kuhusu ukuta, sema ni ukuta upi, huloa wakati gani, tatizo lilianza lini kwa kadiri unavyokumbuka, umefanya nini, na kwamba bado linatokea. Kuhusu mchwa, usiandike kwamba nyumba haina mchwa, maana hujui kilichomo ndani ya kila ubao. Andika mwaka mliowaona, sehemu waliyokuwa, dawa iliyopulizwa na aliyeipuliza, na kwamba tangu hapo hamjawaona, kisha ambatanisha stakabadhi. Kasoro iliyotengenezwa nayo itaje, kwa sababu mnunuzi ana haki ya kuamua mwenyewe kama matengenezo yalitosha. Mnunuzi atie saini na tarehe kuonyesha amepokea maelezo hayo, nawe ubaki na nakala. Mazungumzo ya mdomo mlangoni, hata yawe ya kweli kiasi gani, ni vigumu kuyathibitisha baada ya miaka miwili.

Usidhani kasoro ni za saruji na mbao tu. Hukutaja lolote kuhusu hati, nami naomba ujikague hapo kwanza: kama kuna rehani ambayo haijalipwa, kesi iliyo mahakamani, mgogoro wa mpaka, jirani mwenye haki ya kupita katika kiwanja chako, au chumba kilichoongezwa bila kibali cha ujenzi, mambo hayo humwumiza mnunuzi kuliko ukuta unaoloa, kwa kuwa ukuta hutengenezwa lakini chumba kisicho na kibali kinaweza kuamriwa kibomolewe.

Ama dalali wako, huenda hajui kwamba anajitia hatarini yeye pia. Mahakama ya rufaa ya California iliamua mwaka 1984 kwamba wakala wa muuzaji ana wajibu wa kuikagua nyumba kwa uangalifu wa kiasi na kumweleza mnunuzi anayoyakuta, na sehemu nyingi wakala anayejua kasoro na kuificha hushtakiwa pamoja na mwenye nyumba. Sishangai kwamba anapendelea ukimya. Jimbo la New York lilikuwa na sheria iliyomruhusu muuzaji asiyetoa maelezo ampunguzie mnunuzi dola 500, na wengi walilipa kiasi hicho kuliko kujaza fomu. Njia hiyo ilifungwa mwezi Machi 2024.

SWALI: Je, nikiandika katika mkataba kwamba nyumba inauzwa «kama ilivyo», si nimemaliza?

JIBU: Hujamaliza. Maneno hayo yanamaanisha kwamba hutatengeneza kitu na kwamba mnunuzi anaichukua nyumba pamoja na kasoro zake, na yana nguvu kwa kasoro zinazoonekana na zile ambazo wewe mwenyewe huzijui. Hayasafishi udanganyifu. Sheria ya kiraia ya Ufaransa inalisema hili kwa uwazi: muuzaji wa kawaida anaweza kujiondolea wajibu wa kasoro zilizofichika kwa kifungu cha mkataba, mradi hakuzijua. Majimbo mengi ya Marekani hufikia mahali pale pale. Anayetaka kuuza nyumba kama ilivyo aseme ilivyo.

SWALI: Mzee wetu alifariki ndani ya nyumba tunayoiuza. Je, tunapaswa kumwambia mnunuzi?

JIBU: Poleni kwa msiba. Hapa sheria hutofautiana sana, kwa sababu kifo hakidhoofishi msingi wala paa, ila huweza kugusa moyo wa mnunuzi na hata bei. California huagiza kifo kilichotokea ndani ya nyumba katika miaka 3 iliyotangulia kitajwe, na kilichotangulia muda huo hakilazimiki kutajwa bila kuulizwa. Kwingi hakuna wajibu huo, hasa kwa kifo cha kawaida cha uzee au ugonjwa. Mauaji ni suala jingine: mwaka 1983 mahakama moja ya California ilimruhusu mnunuzi aendelee na dai lake baada ya kufichwa kwamba mama na watoto wanne waliuawa katika nyumba ile muongo mmoja kabla. Na wasomaji wapendao maajabu wajue kwamba mwaka 1991 mahakama ya New York ilimruhusu mnunuzi kuvunja mkataba wa nyumba iliyoko Nyack, kwa sababu muuzaji alikuwa ameitangaza magazetini kuwa ina mizimu, kisha akamnyamazia mnunuzi aliyetoka nje ya mji. Kwenu ninyi, jibu ni fupi: mkiulizwa, jibuni kweli.

SWALI: Nilijaza maelezo ya nyumba kwa uaminifu. Kabla ya kusaini mkataba wa mauziano, bomba la ndani ya ukuta likapasuka. Maelezo yangu yalikuwa kweli nilipoyaandika. Je, nifanye lolote?

JIBU: Ndiyo, na ufanye leo. Kauli iliyokuwa kweli ilipotolewa, ikaacha kuwa kweli kabla ya mkataba, lazima isahihishwe. Mahakama za Uingereza ziliamua hivyo mwaka 1936 katika kesi ya daktari aliyekuwa akiuza shughuli yake ya tiba: mapato aliyoyataja mwanzoni yalikuwa sahihi, yakaporomoka alipougua, naye hakumwambia mnunuzi, na mnunuzi akaruhusiwa kujitoa. Andika nyongeza yenye tarehe, eleza bomba lilipasuka lini na maji yalifika wapi, iambatanishe na maelezo ya awali, na umpe mnunuzi nafasi ya kuja na fundi wake ukuta ukiwa bado wazi.