Quokka na Kisiwa cha Panya

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Binti yangu wa gredi ya tano ana picha ya kijinyama cha Australia kiitwacho quokka, uso wake kama anayecheka. Kakake ashikilia kuwa maana ya jina hilo ni "panya". Je, ni kweli? Na neno lenyewe latoka wapi?
Mama yao, Shela, Malindi

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Huyo kakake kasikia jambo la kweli, ila kaliweka pasipo pake. Panya wamo katika jina la kisiwa, si la mnyama.

Mwaka 1696 nahodha Mholanzi, Willem de Vlamingh, alishukia kisiwa kilicho mkabala na ulipo leo mji wa Perth, magharibi mwa Australia. Akakuta vijinyama tele, akavidhania panya wakubwa, na kisiwa akakiita kiota cha panya kwa Kiholanzi. Ndicho Rottnest cha ramani za leo. Lakini kisiwa kilikuwa na wenyewe: Wanyungar hukiita Wadjemup. Jambo hili lanigusa mimi mtu wa Amu, maana ramani zote zimeandika Lamu, na wazee wetu hawajaacha kusema Amu.

Quokka ni neno la Wanyungar hao hao, wenyeji wa pembe ya kusini-magharibi. Wataalamu wa lugha wadhani lilikuwa "gwaga", Waingereza wakaliandika kama walivyolisikia. Hakuna panya ndani yake. Ni jina la mnyama mwenyewe, kama tusemavyo sisi paa au digidigi. Binti asome "kwoka". Mimi nimefurahi mno kwamba mgeni alimwita panya, na jina lililodumu likawa la wenyeji.

Wanasayansi humwita Setonix brachyurus. Hilo neno la pili ni "mwenye mkia mfupi", na kwa jamaa ya kangaruu mkia wake ni mfupi kweli. Ana kimo cha paka, uzito kilo 2.5 hadi 5, na mama humbeba mtoto mfukoni kama miezi sita. Kule kucheka ni umbo la mdomo tu.

Bara wamepungua sana, kwa kuliwa na mbweha walioletwa na Wazungu. Kisiwani mbweha hawakufika, ndiyo maana wengi wako huko, na hawaogopi watu. Watalii huwasogelea kupiga nao picha, lakini kuwashika au kuwalisha ni marufuku, na faini yake si ndogo.