Indianapolis na watoto siku hakuna resi

Dada uliyeuliza kama kuna maana kupeleka watoto Indianapolis Motor Speedway, ule uwanja wa mbio za magari kule Marekani, wakati hakuna resi, nendeni tu, tena mi naona siku hizo ndo nzuri maana siku ya Indy 500, ile resi yao kubwa ya kila mwaka, ni umati na makelele, mtoto mdogo atalia tu. Makumbusho ya magari ya resi yapo katikati ya uwanja, mnapita kwenye handaki chini ya njia ya magari, na humo ndo kuna lile gari la njano ambalo dereva Ray Harroun alichukulia ushindi wa Indy 500 ya kwanza 1911, wanangu waliganda hapo kabisa. Halafu chukueni ziara ya basi ile inayosimama kwenye matofali ya zamani ya njia, inawazungusha kwenye njia yenyewe, kama kilomita 4, na kwenye kona unaona kabisa lami ilivyolala upande. Mwaka 1909 walitandika matofali milioni 3.2 njia nzima, sasa umebaki ukanda wa sentimita 91 tu pale mstari wa kumalizia, mnapiga magoti mnayabusu wote, ndo desturi ya pale, jua likiwaka yanachoma midomo kweli. Cheki ratiba mapema, magari yakiwa mazoezini basi haliingii njiani.