Maswali ya Wasomaji: Giaboksi Isishushwe Kabla ya Vipimo Hivi

SWALI: Nina Toyota 4x4 ya mwaka 1994, injini ya petroli V6, giaboksi ya otomatiki A340F. Asubuhi nikiweka D gari linakaa kidogo kabla halijashika. Likishapata moto, tukiwa mlimani, likitoka gia ya pili kwenda ya tatu mshale wa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) unaruka lakini mwendo hauongezeki. Taa ya O/D OFF (O/D ni overdrive, gia ya juu kabisa) nayo inamwekamweka. Fundi anataka kushusha giaboksi ikafanyiwe ovahoo, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya. Je, kuna ninachoweza kupima kwanza?

JIBU: Kipo, tena vipimo vyenyewe vinahitaji giaboksi ikiwa bado garini. Kwanza tenganisha mambo mawili. Taa inayomwekamweka ni habari ya umeme: kompyuta imeona hitilafu kwenye sensa au solenoidi (vali ndogo ya umeme inayoelekeza oili ndani ya giaboksi). Rpm kuruka kati ya pili na tatu ni klachi ya ndani ya giaboksi inayoteleza, ama kwa kukosa shinikizo la oili ama kwa kuisha. Huenda hayahusiani kabisa, na ukiyachanganya utalipia kazi ambayo haikuhitajika.

Anza na oili ya giaboksi, yaani ATF. Gari liwe mahali tambarare, oili iwe ya moto wa nyuzi 70 hadi 80, injini ikinguruma. Kanyaga breki, pitisha gia kutoka P hadi L na kurudi P, kisha chomoa kijiti. Oili iwe kwenye alama ya HOT. Ukipima injini ikiwa imezimwa utadanganyika, maana oili hurudi chini na kijiti huonyesha imejaa kumbe imepungua. Ikipungua, pampu hufyonza hewa na gia huchelewa kushika. Ikizidi, hufanya povu na madhara yanakuwa yaleyale. Nusa pia. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake bitana za klachi (tabaka zake za msuguano) zimeanza kuliwa.

Kisha angalia kebo inayotoka kwenye mdomo wa hewa wa injini kwenda giaboksi. Wengi huamini ndiyo inayoamua gia ibadilike lini. Kwenye A340F kazi hiyo ni ya kompyuta. Kebo huongeza shinikizo la oili kadiri unavyokanyaga mafuta. Ikilegea, shinikizo hubaki dogo na klachi huteleza hasa unapovuta mzigo au kupanda mlima, kama unavyoeleza. Injini ikiwa imezimwa, mtu akanyage mafuta hadi mwisho, nawe pima nafasi kati ya mwisho wa kava ya mpira na kizuizi kilichobanwa kwenye waya: iwe milimita 0 hadi 1. Ikizidi hapo, rekebisha nati za kebo ujaribu tena mlimani. Hiki ni kipimo cha dakika chache na sielewi kwa nini kinarukwa mara nyingi hivyo.

Sasa taa. Washa swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kiwe kimewashwa, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya kwenye kiboksi cha vipimo chini ya boneti, kisha hesabu mimweko. Sita, kituo, kisha miwili ni namba 62, solenoidi ya kwanza. 63 ni ya pili. 64 ni ya kufunga torki konvata, chombo kinachopitisha nguvu ya injini kwa oili hadi giaboksi. 42 na 61 ni sensa za mwendo. Solenoidi nzima hupima ohm 11 hadi 15 kati ya waya wake na bodi. Kabla hujanunua mpya, kagua plagi na nyaya zilizo ubavuni mwa giaboksi. Gari la porini hukwaruzwa na vichaka na kujaa tope huko chini, na mara nyingi ubovu uko hapo.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kuchomoa plagi ya solenoidi na kuendesha ukibadilisha gia mwenyewe kwa mkono. Kwa A340F, L itakupa gia ya kwanza, 2 itakupa ya tatu, na D itakupa O/D. Ondoka kwa L, na usirudi L ukiwa kwenye kasi. Gia hizo zikipatikana zote bila kuteleza, kasoro iko kwenye umeme. Zisipopatikana, tatizo liko ndani.

Mwisho, weka vizuizi kwenye tairi zote nne, vuta breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka D na ukanyage mafuta hadi mwisho kwa muda usiozidi sekunde 5. Soma rpm, linganisha na kitabu cha gari, acha ipoe, rudia kwa R. Zikizidi kote kuwili, shinikizo ni dogo. Ikizidi R peke yake, kumbuka klachi inayobeba gia ya tatu ndiyo pia hubeba rivasi, ikisaidiwa na breki ya ndani ambayo L huitumia pia. Kwa hiyo shuka mteremko kwa L: injini ikikushika vizuri, breki hiyo ni nzima na mshukiwa ni klachi. Hapo fundi wako atakuwa na haki ya kushusha.

SWALI: Baada ya kuvuka mto, oili ya giaboksi imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Niendelee kuendesha?

JIBU: Hapana, livutwe. Maji yameingia kupitia bomba la kupumulia la giaboksi, au rejeta imetoboka ndani na maji yake yanachanganyika na oili. Fungua rejeta: ukiona utando wa mafuta, ni hiyo, na lazima ibadilishwe kwanza. Kisha mwaga oili na ujaze upya. Kwa kuwa nyingi hubaki kwenye torki konvata, rudia mpaka itoke nyekundu safi, kila mara ukipima kilichotoka na kurudisha kiasi hichohicho. Kama ilikuwa kulanti (maji ya rejeta yenye dawa), gundi ya bitana huharibika hata oili ikisafishwa, na ovahoo huwa haikwepeki. Kama ni maji ya mto tu na umewahi, giaboksi huenda ikapona; refusha bomba la kupumulia kwa mpira hadi juu karibu na boneti kabla ya kuvuka tena.